MX-5 ya 1991 inatetemeka ikiwa baridi, ikipata moto inatulia: uanzie wapi?

"Habari fundi. Nina Mazda MX-5 ya mwaka 1991, injini ya 1.6, gia za mkono. Asubuhi linawaka mara moja, ila sailensi (mizunguko ya injini kwa dakika ukiwa umeachia pedeli) inashuka hadi 500, inapanda 900, inashuka tena, gari zima linatetemeka na mara nyingine linazima nisipolishikilia kwa pedeli. Baada ya dakika kama tano linatulia kabisa, na barabarani linakimbia vizuri. Nimeshabadilisha plagi na filta ya hewa. Fundi wa kwanza aliongeza sailensi kwa skrubu. Sasa injini ikishapata moto inaunguruma kwenye 1,300, na asubuhi bado inatetemeka. Wa pili anasema mita ya hewa imekufa, wa tatu anasema ni kompyuta. Taa ya injini haiwaki. Nianze na kipi, na je, nikiendelea kuliendesha hivi nitaliua?"

Habari njema, ndugu yangu. Asante kwa kuyaeleza yote haya kwa utulivu, maana jibu kubwa liko ndani ya swali lako. Gari linapona lenyewe baada ya dakika tano. Mafundi wote watatu wamelipita jambo hilo, na ndilo nitakalolishikilia mimi mpaka mwisho. Mita ya hewa, yaani kifaa kinachopima hewa inayoingia kwenye injini, ikifa haifufuki kwa sababu maji ya injini yamepata joto. Kompyuta nayo inaweza kuwa na risasi ya kuunganishia waya (solda) iliyopasuka ndani inayoshika na kuachia kadiri joto linavyobadilika, lakini hilo ni nadra, na mara nyingi huja na vituko vingine ambavyo hukuvitaja: gari kukataa kuwaka, kuzima barabarani, taa kuwaka ovyo. Gari linalokimbia vizuri likiwa na moto lina mita, kompyuta, pampu na injini zinazofanya kazi. Kinacholegea ni kile kinachohitajika zaidi wakati wa baridi.

Kuhusu kuliua: dakika tano za asubuhi hazitaliua gari wiki hii wala mwezi huu. Ila usilizoee. Silinda inayomisi, yaani inayokosa kuunguza petroli yake, hutupa petroli isiyoungua kwenye ekzosi, na petroli hiyo huenda kuungulia ndani ya katalisti (kisafisha moshi cha ekzosi) na kuichoma. Nyingine huosha utando wa oili kwenye kuta za silinda na kuteremka hadi kwenye oili yenyewe. Hayo ni madhara ya polepole, na yanatosha kukufanya ulitafute tatizo kabla hujaanza kununua vipuri vya kubahatisha.

Petroli ya maji haiungui vizuri. Kinachoungua ni mvuke wake. Injini ikiwa baridi, sehemu kubwa ya petroli inayonyunyizwa na nozeli hugandama kwenye kuta za manifoldi (mabomba yanayoingiza hewa kwenye silinda) na migongo ya valvu, na kinachofika ndani ya silinda kikiwa mvuke ni kidogo. Kompyuta inalijua hilo, kwa hiyo inamwaga petroli zaidi kwa makusudi. Uwiano wa kawaida wa hewa na petroli, kwa uzito, ni 14.7 kwa 1. Asubuhi kompyuta inaushusha chini kabisa ya hapo. Wakati huohuo oili ni nzito, kila kitu ndani ya injini kinazunguka kwa ugumu, kwa hiyo injini inahitaji hewa zaidi ili isizime. Ndiyo maana ni kawaida kabisa gari lako kuanza na mizunguko elfu na mia kadhaa na kushuka taratibu hadi 850. Gari linaloanzia 500 asubuhi linakosa kitu.

Kuna jambo la pili ambalo watu wengi hawalijui. Sensa ya oksijeni kwenye ekzosi haifanyi kazi mpaka ipate joto la nyuzi 300 hivi za Selsiasi. Kabla ya hapo kompyuta inapika kwa kufuata majedwali yake tu, bila kuonja. Ikishapata moto, sensa inaanza kuripoti, na kompyuta inasahihisha makosa madogo: hewa inayovuja kidogo, nozeli iliyochafuka kidogo, mgandamizo wa petroli uliopungua kidogo. Makosa hayo yapo siku nzima. Asubuhi hakuna wa kuyaficha.

Ndiyo sababu ninakuomba jambo moja kabla ya yote: gari hili lichunguzwe likiwa baridi. Ukiliendesha hadi gereji, linafika limepona, na fundi anabaki kukisia. Liache gereji lilale huko, uwe na fundi linapowashwa asubuhi. Au fanya vipimo vya mwanzo nyumbani mwenyewe, vingi havihitaji zaidi ya multimeta na tochi. Gari liwe nje au milango iwe wazi kabisa. Moshi wa injini baridi una kaboni monoksaidi nyingi, na hewa hiyo huua bila kunusika.

Sasa ile skrubu. Kwenye injini yako skrubu halali ya sailensi iko juu ya throto (lango la hewa linalofunguliwa na pedeli), chini ya kifuniko kidogo, na kazi yake ni kupitisha hewa pembeni ya kipepeo cha throto. Kuna skrubu nyingine inayozuia kipepeo kisijifunge kabisa, na hiyo haikuwekwa ili iguswe. Nina wasiwasi kwamba huenda iliguswa hiyo. Kipepeo kikiinuliwa hata kidogo, swichi iliyo kwenye ekseli yake, inayoiambia kompyuta kwamba dereva ameachia pedeli, haifungi tena. Kompyuta ikikosa taarifa hiyo haijui kuwa tuko kwenye sailensi, na inaacha kuisimamia. Muulize fundi wa kwanza aligusa ipi, na mwombe airudishe. Marekebisho sahihi hufanywa injini ikiwa na moto kamili, taa, feni na redio vimezimwa, huku vituo vya TEN na GND kwenye kisanduku cha uchunguzi chini ya boneti vimeunganishwa kwa waya mfupi ili kompyuta isiingilie. Hapo sailensi inawekwa kwenye 850, ikizidi au kupungua 50 si neno, na taiming (wakati wa cheche) inahakikiwa kwa taa yake iwe nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu. Skrubu hurekebisha gari lisilo na ugonjwa. Haitibu gari gonjwa.

Hata hivyo fundi yule, bila kukusudia, ametupatia kipimo. Aliongeza hewa, na asubuhi gari bado linatetemeka. Kama tatizo lingekuwa hewa pekee, mtetemo ungepungua sana. Hilo linanifanya niegemee upande wa petroli kuwa kidogo au cheche kuwa dhaifu, ingawa sitaiacha njia ya hewa bila kuiangalia.

Ukishairudisha skrubu, fanya hivi. Asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha, liwashe. Sailensi ikianza kuyumba, kanyaga pedeli kidogo sana hadi mshale ufike 1,300, ushikilie hapo, usikilize. Injini ikilainika na kuunguruma sawasawa, ilikuwa inanyimwa hewa ya baridi. Ikiendelea kukohoa na kutikisika hata kwenye 1,300, silinda moja au zaidi haiungui ipasavyo, na tunatafuta petroli au cheche. Kipimo hiki si hakimu wa mwisho, lakini kinakuokolea kazi nyingi.

Ikiwa ni hewa, chunguza valvu ya hewa ya pembeni iliyo chini ya throto. Kwenye 1.6 valvu hiyo ina njia mbili ndani ya kasha moja: moja inaendeshwa na kompyuta kwa umeme, nyingine ina nta inayopata joto kutoka kwenye maji ya injini. Nta ikiwa baridi husinyaa na njia inakuwa wazi. Ikipata moto hutanuka na kuifunga. Baada ya miaka zaidi ya 30 masizi hujaa humo ndani, na njia ya baridi huziba au kugoma. Itoe, isafishe kwa dawa ya kusafishia throto, weka gasketi mpya, na ukimaliza toa hewa kwenye mfumo wa maji, kwa sababu mipira miwili midogo ya maji inapita hapo. Angalia pia maji ya rejeta kama yamejaa. Yakipungua, nta haipati joto na sailensi hubaki juu hata gari likiwa na moto.

Ikiwa si hewa, twende kwenye kile ninachokishuku zaidi, yaani sensa ya joto la maji inayoihudumia kompyuta. Iko nyuma ya kichwa cha injini na ina plagi ya pini mbili. Usiichanganye na ile ya waya mmoja inayopeleka mshale wa joto kwenye dashibodi. Ni sensa mbili tofauti, na mshale kusoma vizuri hakuthibitishi chochote kuhusu hii ya pili. Ukinzani wake hushuka joto linapopanda: kwenye nyuzi 20 uwe kati ya omu 2,000 na 3,000, na kwenye nyuzi 80 uwe karibu na omu 300. Ipime asubuhi kabla hujawasha, ukiwa umechomoa plagi yake. Ikisoma, tuseme, omu 900 injini ikiwa baridi kabisa, inaidanganya kompyuta kwamba injini ina uvuguvugu, na kompyuta inainyima injini petroli ile ya ziada. Gari linatetemeka mpaka joto la kweli lilingane na ule uongo, kisha linatulia. Ulinganishe na dalili zako mwenyewe. Uongo wa upande wa pili, sensa inayosema injini ni baridi kuliko ilivyo, huonekana kinyume: asubuhi gari liko salama, likipata moto linanuka petroli na kutoa moshi mweusi. Kabla ya kununua sensa mpya, angalia pini za plagi kama zina kutu ya kijani, na waya kama haujakakamaa na kupasuka.

Na hapa ndipo niseme kuhusu taa ya injini. Kompyuta ya mwaka 1991 inawasha taa pale waya unapokatika au kugusana kabisa. Sensa ikitoa thamani inayowezekana lakini ya uongo, haioni kosa. Haihesabu hata kumisi kwa silinda. Mifumo inayofanya hivyo ilikuja baadaye, na Marekani ililazimisha OBD-II, mfumo wa gari kujichunguza lenyewe, kwenye magari madogo kuanzia modeli za 1996. Taa iliyozima kwenye gari lako haimaanishi gari ni zima.

Anayefuata ni hewa ya wizi. Mita yako ya hewa ni ya mlango unaosukumwa na hewa inayopita, na kompyuta inaamini kwamba hakuna hewa nyingine inayoingia. Mpira mkubwa kati ya mita na throto ukipasuka kwenye mikunjo, au kimpira chochote cha manifoldi kikikakamaa, injini inavuta hewa isiyohesabiwa na mchanganyiko unakuwa mwepesi. Vitu vikipata joto vinatanuka na kujibana, na sensa ya oksijeni inafidia kilichobaki, kwa hiyo tatizo linajificha. Kagua mpira mkubwa kwa kuukunjua kwa mikono, si kwa kuutazama tu. Kagua mpira wa busta ya breki, ule wa valvu ya kutoa mvuke wa oili, na usisahau mfuniko wa oili na dipstiki, kwani navyo viko ndani ya njia hiyo ya hewa. Kipimo rahisi: injini ikiwa kwenye sailensi, legeza mfuniko wa oili. Injini iliyofungwa vizuri itabadilika mara moja, itayumba au itataka kuzima. Isipojali kabisa, kuna tundu jingine mahali. Tafadhali usifuate wanaonyunyiza petroli au dawa ya kabureta juu ya injini inayowaka ili kutafuta uvujaji. Magari yameungua hivyo. Mashine ya moshi ya gereji inaonyesha tundu ndani ya dakika chache, bila hatari.

Cheche sasa. Umebadilisha plagi, vizuri, lakini je, nyaya zake? Mchanganyiko mzito na wenye majimaji wa asubuhi unahitaji umeme wenye nguvu kuruka pengo la plagi, na waya uliochoka huuvujisha pembeni, hasa kukiwa na unyevu. Fungua boneti gizani injini ikiwa imewaka, utazame bila kugusa. Ukiona miale ya bluu ikicheza juu ya nyaya au koili, umepata mwizi. Chomoa nyaya injini ikiwa imezimwa utazame ndani ya mashimo ya plagi. Kwenye injini hizi gasketi ya kava ya valvu ikichoka, oili hujaa humo na kuozesha mipira ya nyaya. Koili zako zinagawana silinda kwa jozi, 1 na 4, 2 na 3. Zikilegea silinda mbili za jozi moja, shuku koili. Ikilegea moja pekee, shuku waya, plagi au nozeli yake.

Kuijua silinda iliyolegea, chomoa plagi ya umeme ya nozeli moja moja injini ikitetemeka. Ile ambayo ukiichomoa hakuna kinachobadilika, ndiyo haikuwa ikifanya kazi. Usichomoe nyaya za plagi kwa kipimo hiki. Utapigwa na umeme, na petroli mbichi itaenda kwenye katalisti.

Petroli yenyewe nitaipitia haraka, kwa kuwa gari linalovuta vizuri barabarani kwa kawaida linapata petroli ya kutosha. Chomoa kimpira cha hewa kwenye kidhibiti cha mgandamizo, mwisho wa bomba la nozeli. Kikiwa na petroli ndani, utando umetoboka, kidhibiti kibadilishwe. Nozeli inayochuruza usiku hulowesha silinda moja, na utaijua kwa harufu kali ya petroli na moshi mweusi sekunde za mwanzo tu.

Kama utasikia pia mlio wa tik-tik-tik juu ya injini asubuhi, ni vinyanyua valvu vya oili vikijaa. Injini hii inajulikana kwa hilo. Mlio huo hausababishi mtetemo unaoueleza, kwa hiyo usikubali uuzwe kama jibu.

Turudi kwa mita ya hewa na kompyuta. Mita yako ina swichi ya pampu ya petroli ndani yake, kwa hiyo ikifa kweli gari huzima na haliendi. Unaweza kuikagua: toa kasha la filta, sukuma mlango wake taratibu kwa kidole. Uende laini bila kukwama na urudi wenyewe. Mita mbovu zipo, lakini nyingi zinazobadilishwa zilikuwa nzima, na mita za mitumba zina umri uleule wa yako. Kompyuta ningeiweka mwisho wa foleni kabisa. Na wapo watakaokushauri uondoe mfumo wote na kuweka kompyuta ya kisasa ya kuprogramu. Ni njia nzuri kwa mtu anayejenga injini yenye nguvu zaidi, mwenye fundi anayejua kuitengenezea majedwali ya baridi, ambayo ndiyo magumu kuliko yote. Kwako wewe utakuwa umehamisha tatizo, kwa sababu mpira uliopasuka utaendelea kuvuta hewa hata chini ya kompyuta mpya.

Wasomaji wenye magari mengine ya zama hizo, hoja ni ileile ila viungo hubadilika. Kwenye Porsche 911 SC yenye K-Jetronic (mfumo wa kimakanika wa kunyunyiza petroli), kwa mfano, kazi ya kuongeza petroli ya baridi iko kwa kidhibiti cha kupashia moto chenye bamba la metali mbili, na bila geji ya mgandamizo hakuna wa kukuambia ukweli wake. Lenye kabureta, anza na choki.

Kuna hali ambazo sitaki ujaribu mwenyewe. Ukiona maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja nje, moshi mweupe mzito wenye harufu tamu asubuhi, au oili iliyogeuka rangi ya maziwa, acha kuliwasha na lipelekwe kwa kuvutwa. Huenda gasketi ya kichwa inapitisha maji kwenye silinda usiku, na silinda iliyojaa maji inaweza kukunja konrodi (mkono unaoshika pistoni). Harufu ya petroli iliyo wazi chini ya boneti, vivyo hivyo, hadi uvujaji upatikane. Na kama silinda moja imebaki legevu baada ya kubadilishana plagi, waya na nozeli na jirani yake, hitaji lako ni kipimo cha kompresheni na cha uvujaji wa silinda, likiwa baridi kisha likiwa na moto. Silinda inayosoma chini baridi na kupanda sana ikipata moto ina valvu au ringi zinazoomba kuangaliwa, na hilo ni la fundi wa injini mwenye vifaa.

Ukimpata fundi huyo, mpelekee maandishi: sailensi ya asubuhi, usomaji wa sensa ya joto baridi na moto, nozeli ipi haikubadilisha kitu, na mfuniko wa oili ulifanya nini. Mwambie pia kwamba skrubu iliguswa.